Hata Friji Imo Kitabuni

Nianze na friji. Friji ya nyumbani kwa baba mkwe wangu, ile ambayo mlango wake hufungwa kwa mpira wa baiskeli, ina sura nzima kwenye kitabu chake cha pili. Paka amepewa sura mbili. Fundi bomba aliyekuja siku moja tu, akavunja sinki akaenda zake, naye yumo. Mimi, mke wa mwanawe wa kwanza, niliyekula, nikafua, nikaugua na kupona ndani ya nyumba ile, sina hata mstari. Sasa niambie, wewe usingekasirika?

Baba mkwe wangu ni mwandishi wa kuchekesha watu. Zamani alikuwa karani wa idara ya maji, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alijifungia stoo, akaandika juu ya meza ya kupigia pasi kwa sababu ndiyo pekee iliyoenea mle ndani. Alichoandika ni nyumba yake: nani kaacha bomba wazi, nani kanuna, nani kala kiporo cha mwenzake. Gazeti la Jumapili likawa linamtoa kila wiki, halafu vikaja vitabu. *Bafuni Kuna Mtu*. *Nani Kamaliza Sukari?* Na kile kilichouzwa kuliko vyote, *Mume wa Jaji*. Watu walivunjika mbavu. Jirani alisoma akacheka mpaka akaogopa kuja kukopa chumvi, asije naye akaingizwa.

Ndani ya vitabu hakuna mtu anayeitwa jina lake. Mume wangu ni Bwana Kesho, kwa sababu tangu mdogo ukimtuma kitu anakujibu kesho. Wifi yangu ni Redio, na ukikaa naye kidogo hutauliza kwa nini. Shemeji yangu mdogo ni Nusu, maana hajawahi kumaliza jambo, hata kunyoa. Na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Jaji. Yeye ndiye aliyesikiliza kesi zote za nyumba ile, ameketi kwenye kigoda cha jikoni, mwiko mkononi, na hukumu yake ilikuwa haina rufaa.

Sasa majina hayo hayakubaki kwenye vitabu. Mezani waliitana hivyo hivyo. "Bwana Kesho, nipitishie mkate." "Redio, punguza sauti." Kila mtu na lake. Ikifika zamu yangu, baba mkwe alikuwa anainua kichwa taratibu, anatabasamu kwa adabu na kusema, "Mama, samahani kidogo, naomba chai." Mama, samahani kidogo! Watoto wake aliwaita wapumbavu wangu, tena kwa mapenzi unayoyaona usoni. Mimi nilipewa samahani kama mtu wa benki.

Mimi ni msusi. Nina saluni yangu, viti vitatu na vioo, na wateja wangu wengi wanasoma vitabu vile wakiwa wanasukwa. Mtu amekaa, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, anageuka na kitabu mkononi ananiuliza, "Hebu nionyeshe, wewe ndiye nani humu?" Mwanzoni nilikuwa najibu, "Mimi bado napikwa." Wanacheka. Miaka ikapita, nikachoka kupikwa. Nikawa nawaambia waache kutikisa kichwa.

Nilimwambia mume wangu. Akacheka. "Shukuru Mungu! Unajua mimi ofisini wananiitaje? Bosi mwenyewe ananiita Bwana Kesho. Tubadilishane."

"Hujui yanavyouma," nikamwambia.

"Kutochekwa kunauma?"

"Ndiyo. Kunauma."

Akaniangalia, akaona sitanii, akasema atamuuliza baba. Kesho.

Naomba unielewe. Nilikuwa sitafuti umaarufu. Kwenye familia ile kuandikwa ndiko kuzaliwa. Mtu ambaye mzee anamcheka ndiye anayempenda. Hana njia nyingine, hajui kumkumbatia mtu, ukimkumbatia anasimama kama nguzo ya umeme. Kwa hiyo kila kitabu kilipotoka nilikuwa nakipitia kwanza upesi upesi, natafuta mke wa Bwana Kesho. Hayupo. Bwana Kesho wa vitabuni utadhani anajipikia mwenyewe. Nilikuwa nakifunga, naenda kufua.

Na kosa siyo langu peke yangu, kama kuna kosa. Siku ninaolewa, mama yangu mzazi aliniweka chumbani akaniambia, "Huo mdomo wako uuache hapa. Kwa wakwe unaingia na masikio tu." Nikatii. Saluni naongea mpaka sauti inakauka, nagombana na wauza mafuta ya nywele, nawafokea wanaochelewa. Nikivuka mlango wa wakwe, ndiyo baba, hapana baba, asante baba. Nilijikaza kisabuni miaka yote ile, nikiamini ndiyo heshima.

Jaji alipofariki, mzee aliacha kuandika. Safu ya Jumapili ikafungwa. Alikuwa anakaa stoo na mlango wazi, mikono juu ya meza ya pasi, hafanyi kitu. Halafu macho nayo yakaanza kumtupa mkono. Daktari alisema yaliyokwisha kupotea hayarudi, yaliyobaki wayatunze. Akawa anaona mwanga na umbo la mtu, herufi haoni.

Siku moja yule mama mchapishaji wa vitabu vyake akaja mwenyewe, akakaa naye sebuleni, akaondoka anafuta macho. Mzee akatuita wote. "Nitatoa kimoja cha mwisho," akasema. "Baada ya hapo nafunga duka. Nataka mtu wa kunichapia."

Wakatazamana. Redio hawezi kukaa kimya akasikiliza. Nusu angeishia ukurasa wa tatu. Bwana Kesho, sina haja ya kueleza. Mimi, kabla ya kushika kitana, nilisomea uhazili, na vidole vyangu bado vinakumbuka.

"Nitachapa mimi, baba," nikasema.

"Mama, nitakusumbua."

"Hapana baba, hunisumbui."

Moyoni nilikuwa nasema neno moja tu: cha mwisho. Nisipokuwemo humu, basi tena.

Tukaanza. Saluni nilimwachia msaidizi wangu asubuhi, mimi nikawa nakaa stoo na kompyuta juu ya meza ile ile ya pasi, mzee kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiegemeza ukutani, amefumba macho. Anasema, nachapa. Akimaliza ukurasa ananiambia, "Soma nisikie," namsomea, na hapo ndipo utajua huyu mtu alikuwa fundi. "Hapo toa 'sana'. Kicheko hakipendi 'sana'." "Hapo wamesha­cheka, usiwaeleze tena." Masikio yake yalikuwa makali kuliko macho yake yalivyowahi kuwa.

Sura zikaja. Ya Nusu na baiskeli aliyoifungua akashindwa kuifunga. Ya Redio na simu ya mkononi. Ya paka, ya tatu hiyo! Ya bomba la jikoni linalodondoka tangu Bwana Kesho akiwa kidato cha pili. Nilikuwa nacheka kwa dhati huku nachapa, halafu kila sura mpya ikianza moyo unanipiga pu, nasema ni hii. Siyo hii. Ilifika mahali nikawa nikirudi nyumbani namnunia mume wangu wa watu kwa kosa asilolijua.

Ndipo asubuhi moja akasema, "Andika. Sura ya mwisho. Jaji."

Nikaweka vidole tayari. Tangu mazishi hatukuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Akakohoa, akakaa wima, akaanza kwa sauti ambayo sikuijua.

"Marehemu mke wangu alikuwa mwanamke mpole, mwenye subira na busara, nguzo ya familia na taa ya nyumba yetu. Alimpenda kila mtu na kila mtu alimpenda. Hakuwahi kumkwaza…"

Nikafika kwenye "mpole", vidole vikagoma.

"Mpole nani, baba?"

Lilitoka lenyewe. Wallahi sikulituma. Mzee akafumbua macho.

"Umesemaje, mama?"

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Ningesema samahani baba, nimekohoa. Lakini nilikuwa nimekaa na maneno kifuani muda mrefu mno, na mama mkwe wangu nilimpenda, na damu ilikuwa imeshachemka.

"Nimesema mpole nani? Mama alimkimbiza yule fundi bomba na ufagio mpaka getini! Mama alimwambia mhariri wa gazeti kwamba picha yako ya ukurasani inafanana na ya mtu anayetafutwa na polisi! Hakuwahi kumkwaza mtu? Alinikwaza mimi wiki ya kwanza, aliniambia wali wangu unafaa kuziba ufa! Friji umeicheka, baba. Paka umemcheka mpaka amechoka. Yeye aliyekuwa anacheka kuliko sisi sote, leo ndiyo unamvika kanzu nyeupe na kumpachika mabawa? Mtu akisoma hii atadhani ulioa jiwe la kaburi!"

Kule jikoni bomba linadondoka. Nikajiambia, haya, umeipata; umemtukanisha marehemu mbele ya mumewe, tena kipofu, tena baba mkwe. Nikaanza kufunga kompyuta.

"Usifunge," akasema. Sauti ilikuwa imerudi ile yake, ila ndogo. "Kaa."

Nikakaa.

"Nimejaribu," akasema. "Unadhani sikujaribu? Nikimsema alivyokuwa, anaingia. Namwona kabisa pale mlangoni na huo mwiko wake. Halafu sentensi inaisha, anatoka tena. Kila sentensi anatoka. Sasa mimi nitamtoa mke wangu mlangoni mara ngapi? Hao wa nguzo na taa hawaingii wala hawatoki. Ndiyo maana."

Machozi yakanijaa. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mdomo wangu ukifunguka hauna breki.

"Basi mwache aingie, baba. Hata akitoka, si ameingia? Na wewe hujui yake yote. Unakumbuka kile kisa chako cha kiatu?"

Kila mtu anakijua kisa cha kiatu, kiko kwenye *Mume wa Jaji*. Enzi za idara ya maji mzee alikuwa kila mara anapotelewa na kiatu kimoja asubuhi. Nyumba nzima inapinduliwa, kiatu hakionekani, anachelewa kazini, baadaye kinakutwa chini ya kabati au nyuma ya pipa. Kesi ikapelekwa kwa Jaji. Bwana Kesho, wakati huo mtoto wa shule, akakutwa na hatia kwa sababu ndiye aliyeonekana karibu na pipa, akahukumiwa kuosha masufuria. Alilia, alikana, haikusaidia.

"Nakikumbuka," mzee akasema. "Yule mpumbavu hajakiri mpaka leo."

"Atakiri nini? Ni mama alikuwa anakificha."

Akageuza uso kunifuata sauti yangu.

"Alikuwa anakuja saluni kusukwa, si unajua," nikasema. "Akikaa kwenye kile kiti alikuwa ananiambia mambo. Akawa anakuigiza ulivyokuwa unatafuta, umevaa kiatu mguu mmoja, unarukaruka, unaapa. Saluni nzima chini! Nikamuuliza, mama, kwa nini lakini? Akasema, 'Huyu akipata viatu vyote viwili ananipa mgongo mpaka jioni. Akikosa kimoja, atatafuta, atachoka, atakaa. Akikaa namwekea chai ya pili. Mimi nilikuwa nataka ile chai ya pili.'"

Midomo ya mzee ilikuwa inatikisika, nikadhani analia. Halafu nikasikia kitu kinakwaruza kifuani mwake, kama gari lililolala muda mrefu linawashwa, mara kikapasuka. Alicheka! Alicheka mpaka kiti cha plastiki kikasogea, akapiga meza ya pasi kwa kiganja, machozi yanamtiririka kwenye ndevu.

"Akamhukumu mtoto!" akasema akiweza kupumua. "Yeye ndiye mwizi, yeye ndiye hakimu, akamhukumu mtoto wa watu na mwiko mkononi!"

"Na akanisimulia bila haya!"

"Hana haya! Hakuwahi kuwa na haya, mwanamke yule!" Akajifuta uso na mkono wa shati. "Chai ya pili. Mimi nilikuwa naidhania ya kunipooza hasira. Futa yote. Futa mpole, futa taa. Andika."

Tukaandika sura ya Jaji upya, siku baada ya siku, na safari hii tuliiandika wawili. Yeye analeta la nyumbani, mimi naleta la saluni. Tulibishana. Nilimwambia hapo unatia chumvi, akaniambia chumvi ndiyo kazi yake. Nikamwambia hapo mama hakusema hivyo, alisema vibaya zaidi. Kuna pahali alishindwa kuendelea, tukakaa tu, halafu akaendelea mwenyewe. Ilipokwisha nikamsomea yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiye huyo." Nikajua Jaji amepata haki yake, na mimi nafsi yangu imetulia. Kweli nakwambia, nilikuwa nimeshasahau habari ya kuandikwa. Nilianza kukunja waya wa kompyuta.

"Mbona miaka yote hukuwahi kunifokea?" akauliza.

"Wewe ni baba mkwe wangu, baba. Nakufokeaje?"

"Hivyo ulivyonifokea. Ulinifokea vizuri sana." Akatabasamu, halafu tabasamu likaondoka. "Nisikilize. Mimi mgeni simcheki. Mgeni ukimcheka vibaya anachukua mkoba wake. Hawa wapumbavu wangu nawacheka ninavyotaka kwa sababu asubuhi watakuwepo, watake wasitake, hawana pa kwenda. Wewe ulikuwa mpole, msafi, unaitika ndiyo baba, asante baba. Nikasema huyu bado hajakaa. Huyu amekaa ukingoni mwa kiti, nikikosea neno moja atasimama, na yule mjinga wangu hatapata mwingine. Nilikuwa naogopa utaondoka, basi. Ni hilo tu."

Jamani. Mimi nimekaa upande wangu nameza maneno ili wanipende, yeye amekaa upande wake anameza vichekesho ili nisiende. Miaka yote ile, wawili wazima, tunapeana samahani kidogo!

"Mimi siendi popote," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia. Chomeka huo waya, tuna sura moja imebaki."

Nikachomeka.

"Kichwa cha habari: Bi Kimya."

Nikakosea herufi, nikafuta, nikaandika tena.

"Kwa muda mrefu," akaanza, "nilidhani mwanangu ameoa mtu wa ubalozi. Nilikuwa natarajia siku moja atatupigia mhuri. Lakini mimi ni karani mstaafu, nina masikio. Bi Kimya akiudhika hasemi neno. Anakwenda jikoni kuosha masufuria. Kwa namna sufuria zinavyogongana najua nani kamuudhi, na kwa kiasi gani. Kifuniko kikianguka ni Redio. Sufuria kubwa ikipigwa sinki ni mumewe. Siku ile kitabu changu cha tatu kilipotoka, ziligongana zote kwa pamoja, nikakaa stoo nikajiuliza nimefanya nini."

Nikaacha kuchapa. Siku ile nilidhani nimelia peke yangu.

"Unaandika?"

"Naandika, baba."

Akaendelea. Alisema ninavyoimba chini chini nikidhani hakuna mtu, wimbo mmoja huo huo, na ninavyoukosea mahali pale pale. Alisema ninavyowaita wateja mpenzi kwenye simu halafu nikikata nawatukana. Alisema jinsi ninavyomwagilia maua ya Jaji kila nikija, kimya kimya, kabla ya kuvua mkoba begani, na jinsi yalivyokuwa yamekufa siku nyingi bila mtu kuthubutu kuniambia. Kila kitu alikiona, akiwa na macho na baada ya macho. Nilichapa huku nacheka, nimejiona uchi mbele ya watu, na sikutaka hata mstari mmoja utoke.

Akafika mwisho, akanipa maneno ya kumalizia. Niliyachapa upesi bila kuyatazama, kwa sababu ningeyatazama nisingeweza.

"Soma nisikie," akasema, akaegemeza kichwa ukutani.

Nikasoma. Ubalozi, akatikisa kichwa, ameridhika. Masufuria, akaniambia nitoe neno moja. Wimbo, maua. Nikafika pale mwisho.

"Watu huniuliza nina watoto wangapi. Nina wavulana wawili na…"

Nikakwama. Nikajaribu tena, na, na, neno likakataa kabisa. Maneno yalikuwa pale mbele yangu kwenye kioo, makubwa kabisa, na mzee hawezi kuyaona. Angeweza kunisaidia, ni yake, anayajua. Hakunisaidia. Alikaa amefumba macho, uso ameuelekeza kwangu, anangoja kuyasikia yakitoka kinywani mwangu mimi.

"Soma," akasema taratibu. "Hakuna anayeondoka hapa."

Nikavuta pumzi, nikasoma. "Nina wavulana wawili na mabinti wawili."